Kulala Kuala Lumpur kwa hela ya kawaida: jibu kwa dada wa Tanga anayempeleka mama kwenye mahafali

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Tanga, nalifupisha. Yeye na mama yake wanaenda Kuala Lumpur, mji mkuu wa Malaysia, mwezi wa 11 maana mdogo wake wa kiume anamaliza IIUM, kile chuo kikuu cha Kiislamu cha kimataifa kilichopo Gombak. Watakaa siku 9, usiku 8. Tiketi za ndege washakata, wanatua saa nane mchana, na kwa kulala, kula na kuzunguka wametenga ringiti 2,500, hela ya kule, kwa watu wawili. Mama ana miaka 67 na goti moja linamsumbua. Dada ameona mtandaoni chumba cha Bukit Bintang, ringiti 62 kwa usiku, picha nzuri kabisa, anauliza akilipie leo kabla hakijachukuliwa au hela hiyohiyo inaweza kupata kitu bora zaidi?

Dada, kwanza mpe mama shikamoo yangu, na hongera kwenu maana kumsomesha mtoto mpaka amalize nje si jambo dogo. Pili, hicho chumba usikilipie. Sikatai kwamba bei ni ndogo, ila bei ya chumba Kuala Lumpur haikuambii gharama ya safari, kinachokuambia gharama ni chumba kipo wapi kwenye reli. Mji ule una treni nyingi na za bei rahisi, ukilala hatua chache kutoka stesheni sahihi unaishi kwa hela kidogo sana, ukilala pasipo sahihi kila siku unatoa hela ya teksi mara mbili tatu na ile hela uliyookoa kwenye chumba inakuwa imeisha kabla ya magharibi.

Nyie mnaenda Gombak. Gombak ndiyo mwisho wa treni ya LRT inayoitwa Kelana Jaya. Sa hiyo ndiyo reli yenu, shika hilo kabla ya kitu kingine chochote. Ukitoka Gombak kuingia mjini treni hiyo inapita Taman Melati, Wangsa Maju, inaendelea mpaka Ampang Park, KLCC pale kwenye majengo pacha ya Petronas, Kampung Baru, Dang Wangi, Masjid Jamek, Pasar Seni, KL Sentral. Bukit Bintang haipo humo. Ukilala Bukit Bintang itabidi upande MRT kwanza, treni nyingine ya mjini, ushuke Pasar Seni, ubadilishe upande LRT, na kubadilisha maana yake ngazi za umeme, korido ndefu na kutembea, kitu ambacho kijana hakihisi ila mtu wa goti ataanza kukiogopa siku ya pili. Halafu Bukit Bintang ni mtaa wa starehe, baa na muziki mpaka usiku wa manane, na ule mtaa maarufu wa vyakula, Jalan Alor, sehemu kubwa ni mapishi ya Kichina ambayo si halali. Vijana wanapapenda na sina ubaya napo, kwa mama wa Tanga mwenye miaka 67 mimi nisingepachagua.

Mimi ningewaweka Masjid Jamek, upande wa Jalan Masjid India na Jalan Tuanku Abdul Rahman ambayo wenyewe wanaifupisha Jalan TAR. Pale ndipo Wamalay na Wahindi Waislamu wananunua vitambaa, mitandio, kanzu, mazulia, tende, manukato, yaani mama atajisikia yupo sokoni kwa watu wake, na Jumamosi jioni kuna soko la usiku palepale kwenye uchochoro wa Lorong TAR, chakula na nguo vimepangwa mwanzo mpaka mwisho. Msikiti wenyewe wa Jamek umesimama toka 1909 pale mito miwili ya Klang na Gombak inapokutana. Chakula halali hutafuti, kimekuzunguka. Stesheni inapitiwa na Kelana Jaya pamoja na LRT zile nyingine za Ampang na Sri Petaling, kwa hiyo kwenda Gombak mnapanda mara moja, mnakaa nusu saa hivi, mnashuka mwisho wa reli, haiwezekani hata kupitiliza. Nauli ni kama ringiti 3 kwa mtu. Asubuhi inajaa kuanzia mjini mpaka KLCC, wafanyakazi wakishashuka hapo inapumua, na viti vya wazee vinaheshimiwa, watu wanasimama wenyewe.

Hesabu sasa. Chumba cha watu wawili chenye vitanda viwili, choo ndani, kiyoyozi, eneo hilo utakipata kati ya ringiti 110 na 150 ukiwahi. Tuseme 130. Usiku 8 ni 1,040. Ongeza kodi ya utalii, ambayo toka 2017 kila mgeni asiye raia anatozwa ringiti 10 kwa chumba kwa usiku, hiyo ni 80, na mara nyingi haimo kwenye bei unayoiona mtandaoni, unadaiwa mezani ukifika, wengi wanadhani wanaibiwa kumbe ni sheria. Jumla 1,120. Chakula watu wawili weka 70 kwa siku, kwa siku 9 ni 630, na kwa kula kwa kawaida mtabakiza. Uwanja wa ndege kwenda na kurudi weka 200. Treni na teksi za mjini weka 20 kwa siku, 180. Inakuja 2,130. Zinabaki 370 za zawadi, laini ya simu na dharura. Kwa shilingi zetu ringiti moja piga kama 600 hivi, inapanda inashuka, ila kwa makadirio inatosha. Kwa hiyo bajeti yenu inatosha bila ya kwenda kulala kwenye kachumba ka 62.

Na hicho cha 62 ngoja nikueleze kwa nini nimekishtukia bila hata kukiona. Kuala Lumpur vyumba vingi vya bei ya chini havina dirisha. Kabisa. Majengo ya zamani ya maduka yale ni membamba na marefu kwenda nyuma, wanayakata kwa mbao au jipsamu wanapata vyumba kumi na tano kwenye ghorofa moja, vile vya mbele na vya nyuma ndiyo vinapata mwanga, vya katikati ni kuta nne. Unaingia unakuta kitanda kinagusa kuta mbili, begi ukilifungua chini huwezi tena kufungua mlango, taa ukizima hujui ni saa nne usiku au saa nne asubuhi, kiyoyozi kinanguruma na kuna harufu ya shuka iliyokaukia ndani. Wengine wanaweka pazia zuri ukutani, unalivuta nyuma yake ni ukuta, au ni kidirisha kinachoangalia korido. Picha haiwezi kukuonyesha hilo, inapigwa kwa lenzi pana toka kwenye pembe. Kijana anayerudi kulala tu anavumilia, ila mama akipumzisha goti mchana kwa muda wa saa tatu nne humo ndani ni mateso. Kwa hiyo kwenye maelezo ya chumba tafuta dirisha limetajwa, kama halikutajwa chukulia halipo.

Kitu cha pili ni lifti. Hayohayo majengo ya zamani, gesti nyingi mapokezi yapo ghorofa ya kwanza au ya pili, unapanda ngazi nyembamba zimesimama wima na begi kichwani. Nimeona watu wazima wamekaa chini kwenye ngazi wanapumua huku ndugu zao wanabishana na mhudumu. Waandikie hoteli ujumbe kabla ya kulipa, waulize mambo matatu tu: lifti inaanzia chini kabisa barabarani au kuna ngazi kwanza, chumba kina dirisha la nje, na vitanda ni viwili au kimoja kikubwa. Wakijibu vizuri na haraka hiyo tayari ni dalili njema. Wakikuzungusha tafuta kwingine, hoteli haziishi pale.

Halafu soma maoni ya waliolala, ila ya miezi mitatu minne ya karibuni tu, usishike ile alama ya jumla maana hoteli inaweza kuwa ilikuwa nzuri miaka mitano iliyopita. Tafuta humo neno kunguni, tafuta ukungu, tafuta kelele. Mtu mmoja akilalamika kuhusu kunguni anaweza kuwa na yake, wakiwa watatu ndani ya miezi miwili kimbia. Chagua oda inayoruhusu kughairi bure hata kama imezidi ringiti 10, na usikate usiku zote 8 mara moja. Kata 3 za kwanza zenye kughairi, mkifika mkiona pazuri ongezeni palepale. Usidhani ukifika mlangoni bila oda utapata nafuu kama gesti zetu za nyumbani, kule mara nyingi bei ya mezani inakuwa juu kuliko ya mtandaoni, wengi wanasimama palepale mapokezi wanakata kupitia simu.

Uliuliza pia kama mdogo wako anaweza kuwalaza chuoni. Mabweni pale wanayaita mahallah, ya wanaume na ya wanawake yametengana, hilo lisahau. Anachoweza kukufanyia ni kuulizia apatimenti za Wangsa Maju au Taman Melati, stesheni zipo jirani kabisa na Gombak na wanafunzi wengi wa nje wanapanga huko. Wiki ya mahafali familia zinatoka kila nchi na zote zinataka kulala karibu na chuo, vyumba vinaisha mapema na bei inapanda. Mkipata nyumba yenye jiko kwa ringiti 130 mpaka 160 na ipo hatua chache kutoka stesheni, na lifti ipo, mimi naiona ni sawa na Masjid Jamek, tena mama atapika uji wake. Ubaya wake jioni mtakuwa mbali na mji na maduka. Muhimu mdogo wako aende akaione kwa macho, na hela msimtumie mtu kabla hajaingia ndani akafungua maji.

Sehemu nyingine kwa ufupi. Kampung Baru ni mtaa wa Wamalay wa toka enzi za Waingereza, nyumba za mbao zimebaki chini ya maghorofa, upo kwenye reli yenu na chakula cha usiku ni kitamu mno, tatizo mahali pa kulala ni pachache. Pasar Seni na Petaling Street ndiyo kwa wasafiri wa mabegi mgongoni, vitanda vya bweni ringiti 35 mpaka 60, kwa kijana peke yake hapo hapo. Chow Kit bei iko chini kweli na soko lake la vyakula zuri, ila usiku baadhi ya vichochoro vina wauza miili na wavuta unga, kwa wanawake wawili hapana. KL Sentral na Brickfields pazuri kwa mtu anayelala usiku mmoja akaruke alfajiri.

Kutoka uwanjani sasa, maana hapo ndipo hela ya kwanza inapopotea. KLIA, ndiyo uwanja wenyewe wa ndege, ipo mbali, zaidi ya kilomita 50 kutoka mjini. Treni ya haraka ya KLIA Ekspres ni ringiti 55 kwa mtu, chini ya nusu saa upo KL Sentral, ila nyie ni wawili, ni 110, na ukifika hapo bado una mabegi na treni nyingine ya kupanda. Basi ni kama 15 kwa mtu, saa moja hivi, zuri kwa kijana. Kwa nyie chukueni Grab, ndiyo teksi ya kuita kwa simu inayotumika kule, itacheza kati ya 75 na 100 pamoja na ushuru wa barabara na inawashusha mlangoni mwa hoteli. Unaweza kulipa keshi. Hao wanaokufuata ndani ya uwanja wanakuuliza kama unataka teksi, pita tu. Mnatua saa nane mchana, mpaka mmalize uhamiaji na mizigo ni saa tisa kumi, mtakuta foleni ya jioni, na mwezi wa 11 mvua ya radi inapiga karibu kila alasiri na mvua ikinyesha bei ya Grab inapanda hapohapo. Ikibidi kaeni mnywe chai nusu saa, inashuka.

Uhamiaji niseme wazi, sisi Waafrika tunaulizwa zaidi. Kwa pasipoti ya Tanzania ziara fupi hamwombi viza kabla, lakini afisa ana haki ya kutaka kuona tiketi ya kurudi, mahali pa kulala na hela. Beba kwenye karatasi, si kwenye simu iliyoisha chaji: tiketi ya kurudi, oda ya hoteli, barua ya mwaliko wa mahafali, nakala ya pasipoti ya mdogo wako na kibali chake cha mwanafunzi. Ile fomu ya kuingia ya mtandaoni, MDAC, ni lazima kila mgeni aijaze ndani ya siku 3 kabla ya kufika, na ni bure, ukiona mtandao unakudai dola 30 huo si wa serikali. Jaza ya mama pia. Kadi ya njano ya homa ya manjano bebeni wote wawili.

Na mzigo wa mtu usibebe. Wala kifurushi cha jirani anayesema mwanawe yupo Malaysia anataka kisamvu, wala begi la mtu mliyejuana kwenye ndege. Malaysia waliondoa hukumu ya kifo ya lazima mwaka 2023, lakini adhabu hiyo kwa dawa za kulevya bado ipo mikononi mwa jaji. Mabegi yenu mpange wenyewe mikono yenu miwili na myafunge wenyewe, hata kama anayeleta ni ndugu.

Kula. Migahawa inayoitwa mamak, ya Waislamu wa asili ya Kitamil, mingi inafunguliwa saa 24, na hiyo ndiyo itawalisha. Roti canai ni chapati yenye matabaka wanakuletea na mchuzi wa dengu, ringiti 2 hivi, chai ya maziwa ya kuvutwa ringiti 2 na kitu. Asubuhi nasi lemak, ambao ni wali wa nazi kabisa kama wetu, dagaa wa kukaanga, karanga, yai, na pilipili ya kupika yenye utamu kidogo, wakiufunga kwenye jani au karatasi unaupata kwa ringiti 3. Mama hatakosa cha kula siku hata moja. Mchana nasi campur, unajipakulia wali na mboga mwenyewe, muuzaji anaangalia sahani anataja bei. Samaki mzima na kamba ndiyo wanapandisha sahani ikafika 20, kuku na mboga mbili ni 8 mpaka 12, kwa hiyo uliza kabla ya kuchukua kamba. Maji nunueni chupa kubwa dukani.

Vitu vidogo vinavyosaidia: soketi za ukutani ni zilezile za pini tatu za kwetu, chaja yenu inaingia bila adapta. Chooni mara nyingi kuna mpira wa maji. Chumbani angalieni darini au kwenye droo, mara nyingi kuna mshale wa kibla, na kule mnaelekea magharibi na kaskazini kidogo, si kaskazini kama Tanga. Hoteli inaweza kutaka dhamana ya ringiti 50 mpaka 100 keshi, mnarudishiwa mkiondoka, tunza risiti. Dola bebeni noti kubwa safi zisizochanika, uwanjani badilisheni kidogo tu ya siku hiyo, nyingine mtabadilisha Jalan Masjid India kwenye maduka ya fedha, pitia matatu ulinganishe. Laini ya simu nunueni uwanjani, au mdogo wako awaletee.

Siku ya mahafali yenyewe msipande treni. Nguo mmevaa nzuri, mama kapendeza, jua au mvua, chukueni Grab mpaka ndani ya chuo, ringiti 20 mpaka 30 kutoka mjini, na tokeni mapema, ongezeni dakika 90 juu ya muda mnaodhani unatosha, maana magari yote ya wazazi yanaelekea geti moja. Picha pigeni kwenye msikiti wa chuo wenye makuba ya bluu. Siku nyingine za kuzunguka msimchoshe mama: Masjid Negara, msikiti wa taifa, ni bure na wanawapa wageni majoho, bustani ya KLCC jioni chemchemi zinawaka taa bure, na majengo pacha yanapendeza zaidi ukiwa chini kuliko ukiwa umelipia kupanda. Batu Caves, yale mapango yenye hekalu la Kihindu, ina ngazi 272, mama abaki chini kwenye kivuli na maji ya dafu, nyani wapo wengi, mkoba aushike.

Dawa za mama, za presha au goti, ziwe kwenye begi la mkononi kwenye paketi zake zenyewe pamoja na cheti cha daktari, za siku 9 na nyongeza ya siku 4 ndege ikichelewa. Na vyumba anza kutafuta wiki hii, ukipata viwili vitatu vya Masjid Jamek nitumie majina yake nivipitie kabla hujalipa.